Mkono wa Kushoto wa Chifu Octave Narcisse

Treni kutoka Chicago ilichelewa saa sita. Nilishuka New Orleans nikiwa na begi moja, anwani niliyoiandika nyuma ya tiketi, na kosa kubwa katika shajara yangu. Nilikuja kuona Kanivali, lakini nilifika Jumatano ya Majivu, tarehe 28 Februari 2001. Watu walikuwa wanatoka misa na majivu kwenye paji la uso, na mitaa ya Kata ya Saba bado ilikuwa inanuka bia ya jana. Anwani yangu ilinifikisha kwenye nyumba ya mbao ya rangi ya samawati iliyokuwa na chumba cha kupanga. Barazani alikaa mwanamume mrefu mwenye vumbi la plasta nywelini. Alikuwa amelaza vazi kubwa la manyoya ya waridi magotini kama mtu anayenyonyoa kuku, na alikuwa anakata nyuzi zake kwa mkasi mdogo huku shanga zikidondoka kwenye bakuli.

"Unatafuta nani?"

"Nimekuja kuona Kanivali."

Aliacha mkasi. "Verlene! Njoo uone mtu." Mkewe akatoka na kitambaa cha vyombo begani. "Huyu amekuja kuona Kanivali."

"Masikini," alisema Mama Verlene. "Amekula?"

"Umechelewa siku moja," yule bwana akaniambia. "Au umewahi siku mia tatu arobaini na tisa. Amua mwenyewe. Wakati unaamua, shika upande huu uvute."

Ndivyo nilivyokutana na Octave Narcisse, Chifu Mkuu wa Korongo wa Alfajiri, kundi la Kanivali la mitaa hii, ambaye baadaye alikuja kuwa baba mkwe wangu. Kabla ya hapo nilikuwa nimezunguka nchi nyingi nikiwauliza mafundi swali moja: je, wewe ni msanii, na kama ndiyo, usanii wako unakaa wapi? Wachonga mbao, wafuma mazulia na wachora kuta walinijibu, kila mmoja kwa lugha yake. Yeye hakunijibu. Alinipa mkasi. Jibu lake lilikuja baada ya miaka ishirini na tatu, na alilitafuta kwa taabu kwa sababu lilikuwa limegeuka kuwa swali lake mwenyewe. Hilo ndilo nitakalolisimulia leo, nikishamaliza yale ambayo wasifu hauna budi kuyasema.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1948 katika barabara ya Pauger, hapa hapa Kata ya Saba, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa Honoré Narcisse, fundi plasta, na Eulalie, aliyefua na kupiga pasi nguo za makasisi wa parokia hii. Alibatizwa katika kanisa hili. Dada zake walisema alikuwa mtoto mkimya ambaye hakupenda kitu kikae upande. Alikuwa akiinuka mezani katikati ya chakula kwenda kunyoosha picha ukutani, kisha akarudi kula.

Alianza shule mwaka 1954 kwa masista. Alikuwa hodari wa hesabu na wa kuimba, lakini kuchora kulimshinda kabisa. Siku moja mwalimu wa sanaa aliinua karatasi yake mbele ya darasa akamsifu kwa kiti kizuri. Octave alikuwa amechora farasi. Mwisho wa mwaka huo sista alimwandikia mama yake barua ambayo Bibi Eulalie aliitunza ndani ya Biblia hadi alipofariki: "Mtoto ana adabu na ana bidii, lakini kuhusu sanaa tusijidanganye." Octave aliipenda sana barua hiyo. Mgeni akianza kumsifu kupita kiasi, alimtuma mtu akailete.

Aliacha shule mwaka 1965 akaingia kazini na baba yake. Alipiga plasta kwa miaka arobaini na moja. Wengi wenu mmelala chini ya kazi yake bila kujua: yale maua ya plasta katikati ya dari, yale majani yanayozunguka taa kwenye nyumba za zamani, mengi alirudishia yeye petali moja moja baada ya maji na mchwa kuyala. Alikuwa na chama chake cha mafundi na kadi yake, na kwenye kila fomu iliyouliza kazi yake aliandika neno moja: plasta.

Lakini akirudi nyumbani, akioga na kula, alikuwa anakaa mezani na sindano. Mababu wa watu wa mitaa hii walipotoroka utumwa, wenyeji wa kwanza wa nchi hii waliwaficha kwenye vinamasi, na wajukuu wanalipa heshima hiyo kila Kanivali kwa kutoka wamevaa manyoya na shanga. Mwenye vazi hulishona mwenyewe, mwaka mzima, shanga kwa shanga, na hulivaa siku moja. Kesho yake hulifumua, kwa sababu hakuna chifu anayetoka na vazi la mwaka jana. Anayetumia gundi badala ya uzi hutajwa kwa jina barabarani, mama yake akisikia.

Octave alitoka mara ya kwanza mwaka 1967 akiwa na miaka kumi na minane. Alikuwa ameshona korongo wawili, mmoja kila upande wa kifua, na alishona miezi kumi bila kumwonyesha mtu. Alisahau jambo ambalo kila mshonaji wa hapa hulisahau mara moja tu maishani, kwamba vipande vya kushoto na kulia lazima viangaliane. Alivishona vyote kwa mchoro mmoja, na ndege wote wawili wakaangalia upande mmoja. Alipotokea pembeni mwa barabara ya Saint Bernard, kijana mwembamba wa kundi la Mishale ya Kijani, Rayfield Gaines, alimkagua kifuani, akamkagua tena, kisha akauliza kwa sauti ya kusikika hadi mtaa wa pili: "Hao ndege wako wamenuniana?" Chifu Rayfield yupo hapa leo, kiti cha mbele. Waligombana tangu siku hiyo, na sidhani kama yupo mtu aliyempenda marehemu zaidi yake nje ya nyumba yetu.

Tarehe 17 Juni 1972 alifunga ndoa na Verlene Picou, mpishi wa shule, kwenye altare hii. Walijaliwa watoto wawili, Delphine, ambaye sasa ni mke wangu, na Lionel. Mama Verlene aliolewa na mtu mmoja akajikuta ameolewa na pipa la shanga. Zilikuwa kitandani, kwenye viatu, kwenye wali na maharage mekundu ya Jumatatu. Mwaka 1981 Padri aliuma moja ndani ya gambo, ule mchuzi mzito wa hapa, akavunja jino, na Mama Verlene akatoa amri kwamba mezani pa chakula hapashonwi. Octave aliitii amri hiyo kwa kutengeneza meza ya pili. Lionel anakumbuka ugomvi mmoja tu wa wazazi wake uliowahi kufika barazani. Mama Verlene alikuwa amenyoosha mstari mmoja wa shanga mumewe akiwa kazini, akidhani anamsaidia.

"Nilikuwa nakusaidia, Tavi!"

"Verlene, ningekuwa nakupikia gambo yako ukiwa umelala, ungefurahi?"

"Ningefurahi sana. Jaribu."

Aliufumua mstari wote akaushona upya. Gambo hakupika.

Mafuriko ya mwaka 2005 yalichukua nyumba, meza zote mbili, na vazi lililokuwa limefika kiunoni. Familia ilikaa chumba cha hoteli huko Houston miezi mitano. Kitu cha kwanza alichotafuta Octave katika mji ule kilikuwa sindano, na siku ya Kanivali, tarehe 28 Februari 2006, alirudi kwenye kata isiyokuwa na umeme, akatoka amevaa nyeupe tupu, barabara ikiwa na matope makavu na watu wasiozidi hamsini. Kwa jumla alitoka mara hamsini na sita. Hakuna hata vazi moja lililobaki.

Mwaka 2009 mama mmoja wa jumba la makumbusho alikuja kutoka mji wa mbali kuomba vazi la mwaka huo kabla halijafumuliwa. Alikuwa mtu mwema, na alisema yale ambayo mimi pia nilikuwa nayasema moyoni.

"Bwana Narcisse, wewe ni msanii mkubwa."

"Mimi ni fundi plasta. Delphine, lete ile barua."

"Lakini hii ni sanaa!"

"Ilikuwa jana," alisema Octave, na akampa mkasi. Yule mama alifumua kwa saa mbili, akala, akacheka, akaondoka bila vazi.

Asubuhi ya Jumatano, tarehe 14 Juni 2023, alipatwa na kiharusi akiwa amesimama bafuni. Kiliuchukua mkono wa kulia wote, na mdomo kidogo. Alikaa hospitali wiki tano. Siku moja nikiwa peke yangu naye aliniita kwa jina alilozoea kuniita.

"Mwandishi. Lile swali lako."

"Lipi, Chifu?"

"Usijifanye. Kama mimi ni msanii." Alikuwa anayavuta maneno kama mtu anayebeba mfuko wa saruji ngazini. "Sikukujibu kwa sababu sikujali. Sasa nataka kujua. Kama ilikuwa kwenye mkono, basi imekwisha, mnizike. Kama haikuwa kwenye mkono, tutaona."

Kwa miezi minane iliyofuata, hilo ndilo jambo pekee lililokuwa na uzito nyumbani kwetu. Daktari alizungumza kuhusu kutembea. Octave alizungumza kuhusu Kanivali ya tarehe 13 Februari. Mama Verlene alimsihi.

"Nipe nishone mimi, Tavi. Unione, uniambie wapi. Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Halafu Rayfield atanusa."

Lionel alimtengenezea kibano cha kushikia mezani fremu ya kutandikia kitambaa. Wiki ya kwanza alishona shanga moja. Wiki ya pili alishona nne, na akazifumua tatu. Mkono wa kushoto ulikuwa haujawahi kufanya lolote zaidi ya kushikilia kile ambacho wa kulia ulikuwa unapiga, na sasa ulikuwa unatetemeka ukitafuta tundu la shanga ndogo kama mbegu ya nyanya. Alitukana kwa Kikrioli cha bibi yake, lugha ambayo Delphine alidhani ameisahau. Mwezi wa Septemba aliitupa fremu, nasi tukadhani ndio mwisho. Mama Verlene aliiacha pale pale sakafuni na kufagia akiizunguka kwa siku tatu. Siku ya nne tulimkuta Octave ameikokota kwa mguu hadi kwenye kiti. Ilipofika Krismasi alikuwa anafikia shanga kumi na moja kwa siku. Zamani alizimaliza kumi na moja akiwa anapiga chafya.

Siku ya Kanivali alitoka nyumbani na suti yake ya misa, kofia yenye unyoya mmoja, fimbo, na kifuani kipande cha shanga kisichozidi kiganja. Korongo wake wote, vijana na wazee, walimtangulia kwa ngoma, wamevaa dhahabu mwaka huo. Alikataa kiti cha magurudumu. Tulitumia saa nzima kufika chini ya daraja la Claiborne, mahali ambapo machifu hukutana na mmoja lazima akubali kwamba mwenzake ni mrembo zaidi. Chifu Rayfield alikuwa tayari pale, kijani kitupu, manyoya yake mapana kama ukumbi. Ngoma zikanyamaza.

"Tavi! Umekuja na leso?"

"Nimekuja na vazi."

"Vazi liko wapi? Mimi naona mzee anakwenda misa."

"Sogeza hayo macho mabovu."

Chifu Rayfield akasogea na kuinama, manyoya yakamfunika Octave hadi tukaona fimbo tu.

"Hii nini? Bata?"

"Korongo."

"Korongo gani ana shingo ya chupa?"

"Amepata kiharusi."

Barabara nzima ilicheka, na Octave alicheka zaidi ya wote kwa upande wa mdomo uliokuwa unafanya kazi. Kisha Chifu Rayfield akafanya jambo ambalo washonaji peke yao hulifanya. Alinyanyua ukingo wa kile kipande akatazama nyuma yake, kwenye nyuzi, kwa sababu mbele mtu anaweza kudanganya lakini nyuma hawezi. Alitazama muda mrefu. Nyuzi zote zilikuwa zimelala upande usiozoeleka.

"Zote za kushoto?"

"Zote."

"Hakuna aliyekushikia sindano?"

"Muulize Verlene, bado amenuna."

Chifu Rayfield akakirudisha kile kipande taratibu, akakilaza sawasawa juu ya koti. "Miaka yote hii," alisema, "nilidhani ni mkono wako wa kulia unaonishinda." Akapiga hatua nyuma, akashusha fimbo yake yenye manyoya hadi ikagusa lami. Sisi tuliokuwepo hatukuwahi kumwona akiishusha kwa mtu. "Leo wewe ndiye mrembo. Usizoee."

Kesho yake, Jumatano ya Majivu, Octave alikaa barazani na mkasi katika mkono wa kushoto. Delphine alilia. "Baba, hiki kiache. Hiki kimoja tu."

"Mwaka umekwisha, binti yangu."

Ilimchukua siku nzima. Jioni aliomba kitambaa kipya kitandikwe kwenye fremu, na kikubwa zaidi. Hakutaka mtu amchoree mchoro, ingawa hakuwahi kushona bila mchoro maishani mwake. Alianza tu kushona, kutoka pembeni.

Alishona hivyo masika na kiangazi. Kufikia Oktoba alikuwa anafikisha shanga arobaini kwa siku, na mkono ulikuwa umeacha kutetemeka. Alhamisi, tarehe 24 Oktoba 2024, saa kumi alasiri, alimwambia Mama Verlene kwamba amechoka kidogo, akaegemea kiti. Mama Verlene alipoleta kahawa alikuwa ameshatutoka. Alikuwa na miaka sabini na sita. Sindano ilikuwa bado inaning'inia kwenye uzi.

Fremu hiyo mliiona mlipoingia, juu ya meza kule nyuma. Robo yake imeshonwa. Kila aliyekuja kutufariji wiki hii ameiinamia na kutoa kauli yake. Mama Verlene anasema ni mlango, Lionel anasema ni maji, na Chifu Rayfield, baada ya kuinama muda mrefu na kunyanyua ukingo atazame nyuma, ametangaza kwamba ni bata. Hatutajua. Hakuna atakayeimalizia, kwa kuwa ni ya kwake. Lakini ule uzi wa mwisho haukufungwa fundo, na washonaji wote hapa wanajua kwamba uzi usiofungwa ukiguswa, shanga zinaanza kukimbia, safu moja baada ya nyingine. Kwa siku nane hatukuthubutu kuisogeza fremu ile bila watu wawili kuishika kama sinia la mayai.

Hilo lilileta mabishano usiku wa mkesha. Lionel alisema kufunga fundo ni kushona, na baba asingekubali. Delphine alisema kutofunga ni kufumua, na baba hakuwahi kufumua vazi kabla ya kulivaa. Mwishowe walimwomba Chifu Rayfield aamue, kwa kuwa ndiye aliyekagua kazi ya marehemu kwa jicho baya kwa miaka hamsini na saba. Alikula kipande chote cha keki kabla ya kujibu.

"Fundo si kushona," alisema. "Fundo ni adabu. Lakini lisifungwe yeye akiwa ndani. Akiwa ndani bado kazi ni yake, anaweza kubadili mawazo. Namjua. Akivuka mlango wa kanisa, mtu afunge. Na asiwe mtu anayejua kushona, asije akanogewa."

Wote wakanitazama mimi.

Marehemu ameacha mjane, Verlene, watoto wake Delphine na Lionel, wakwe zake, wajukuu Eulalie, Honoré na Simone, dada zake Clotilde na Inez, Korongo wa Alfajiri, ambao wote wana sindano zao mezani tayari kwa Kanivali ya tarehe 4 Machi, Chifu Rayfield Gaines na Mishale ya Kijani, na dari nyingi za mji huu. Familia inawashukuru Padri, wauguzi, na majirani waliopika.

Sasa bendi iko nje, na wabebaji wamesimama. Delphine atatembea nyuma ya jeneza na mama yake. Chifu Rayfield atatangulia mbele akiimba. Mfuateni Octave hadi makaburini, polepole kwanza, na bendi ikigeuza muziki kuwa wa furaha mwishoni, chezeni kama alivyopenda. Mimi sitakwenda nanyi. Nitakuwa pale nyuma kwenye meza, nimeshika uzi, nikiangalia mlango mpaka atakapokuwa amevuka.

Mkono wa kulia upumzike, Chifu. Na wa kushoto nao, umefanya kazi.